Kelele Imezidi, Rudia

Machi 2

Daftari hili lilikuwa la kuandikia simu za wateja. Kurasa nane za mwanzo nimezichana, kwa hiyo kama kuna mtu aliniachia simu mwaka juzi na bado anangoja, imekula kwake.

Naandika humu kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema kwenye kundi la familia. Kule mimi ni mtu wa vichekesho. Ni fundi simu, na kila asubuhi kabla sijafungua kibanda natuma kioja kimoja nilichokiokota mtandaoni. Cha leo: jamaa mmoja ameunganisha chungu chake cha maua na mtandao, mtu yeyote duniani akibonyeza kitufe maua yanamwagiliwa. Maua yamekufa. Yamezama, maana watu wema walikuwa wengi mno.

Kaka yangu alicheka. Mama hakujibu, kwa sababu wakati huo tulikuwa tumekaa mimi na yeye mbele ya daktari wa koo. Uvimbe uko kwenye kisanduku cha sauti. Dawa peke yake haifui dafu tena, itabidi kitolewe chote, tarehe kumi na nne Aprili. Daktari akasema atapona, na hilo akalirudia mara mbili. Ila atakuwa anapumulia tundu hapa shingoni, na sauti aliyozaliwa nayo ndiyo basi. Baadaye atafundishwa njia nyingine. Kuna kifaa cha kushikiza shingoni.

"Kinatoa sauti gani?" Mama akauliza.

Daktari ni kijana mkweli. "Inafanana kidogo na nyuki, mama."

Mama akasimama kwenye ngazi. "Miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye simu za watu," akasema. "Leo niwe nyuki."

Alikuwa opereta wa ofisi kubwa, enzi zile ukipiga simu unapokewa na mtu kwanza, yeye ndiye anakuunganisha. Watu walikuwa wanapiga bila shida yoyote, ili wamsikie tu. Hilo analisema mwenyewe, lakini marehemu baba alikuwa mmoja wao, kwa hiyo naliamini.

Machi 3

Mvua zimeanza. Kioja: kijiko kinachotetemeka ukila harakaharaka. Mama anasema kwetu kilikuwepo, kiliitwa kofi.

Machi 5

Kaka kaja. Anafanya kazi ofisi ya bima, ni mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Kakaa mlangoni, kasema tumshukuru Mungu mama atapona, mengine tutayazoea. Kasema kweli. Lakini wakati anasema hivyo Mama alikuwa anamwita jirani ng'ambo ya ukuta, na sauti ikakatika katikati ya jina. Wote wawili tukaangalia chini.

Jirani mwenyewe tunamwita Redio, maana habari ikimfikia yeye, imefika. Yeye na Mama wanagombana kila siku ya Mungu tangu mimi sijaota meno.

Machi 7

Nilikuwa natafuta kioja cha kesho. Nikaangukia ukurasa wa watu wanaokusanya sauti zinazokufa: mashine za kupiga chapa, simu za kuzungusha, ubao wa opereta. Nikamchezea Mama hiyo ya ubao.

Akafumba macho. "Wameandika uongo," akasema. "Wanasema huo ni mlio wa simu inayoita. Huo ni wa laini kushikwa." Kisha akaicheza mara sita. Huyu ni mama ambaye vioja vyangu anaviita takataka za dunia.

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na kiungo. Kuna watu wa chuo fulani, mbali huko, wanawatengenezea sauti wale wanaokaribia kupoteza za kwao. Unasoma sentensi mia tatu kwenye simu yako, mashine inajifunza, halafu chochote utakachoandika baadaye inakisema kwa sauti yako. Si nyuki, ni wewe. Kiswahili wamekiongeza mwaka huu. Nimesoma mara tatu nikitafuta utapeli ulipofichwa, kazi yangu imenifundisha hivyo. Sikuuona.

Hiki sikukituma kwenye kundi. Nilikwenda jikoni nikamwambia.

"Hizo sentensi kaandika nani?" akauliza.

Nikamwonyesha ya kwanza. Tafadhali, naomba unipatie kikombe cha maji.

"Mimi nimesema hivyo lini? Kwangu mwenye kiu anajua maji yalipo."

"Soma tu, Mama."

Akanitazama kama vile mimi ni mtoto anayeuza kitu cha wizi. Lakini miwani alivaa.

Machi 8

Paa letu ni la bati. Mvua ikianza, ndani ni kama mtu anamwaga kokoto. Simu inasikiliza, inafikiri, halafu inaandika kwa maandishi mekundu: Kelele imezidi. Rudia. Kutwa nzima tumepata sentensi mbili.

Machi 9

Kelele imezidi. Rudia. Sentensi moja.

Machi 10

Kioja: mwavuli unaowaka taa kukujulisha kwamba mvua inanyesha. Mama kauliza kama aliyeununua hana dirisha. Sentensi nne, mvua ilipopumzika baada ya saa saba.

Machi 11

Kioja cha leo nimekiunda mwenyewe. Nimesoma kwamba nguo hunyonya kelele, basi nikatoa rafu za chini kwenye kabati la Mama, nikaweka kigoda, nikamwingiza humo katikati ya magauni yake, milango nikaiegesha. Mama mwenye miaka sabini na mmoja, tochi mkononi.

"Nikifia humu," akasema kutoka ndani, "mwambie kaka yako ulikuwa utafiti."

Dawa imekubali. Tulikwenda mbio mpaka sentensi ya thelathini, tukakwama. Sentensi yenyewe ni neno moja: Shikamoo. Nikagonga mlango nikidhani kazimia.

"Nimwamkie nani?" akasema. "Wakubwa wangu wote nimeshawazika."

"Isome ipite tu, Mama."

"Na marahaba iko wapi?"

Nikaipitia orodha nzima. Shikamoo ipo mara tatu, marahaba hata moja. Walioandika lazima ni vijana, kwao dunia yote ni wakubwa. Mama akakataa katakata. Hataki siku moja mashine iteleze, imwamkie mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nikawaandikia wale wa chuo. Wakajibu siku hiyohiyo, wakaomba radhi, wakasema turuke, na kwamba tukitaka tunaweza hata kuleta sentensi zetu wenyewe. Hilo la mwisho sikulitilia maanani.

Machi 13

Themanini na nne.

Machi 14

Mvua kutwa. Sifuri. Kioja: viatu vinavyojifunga kamba vyenyewe. Betri ilikwisha, mwenye navyo akaenda navyo kitandani.

Machi 17

Mia moja arobaini. Mama anakohoa.

Machi 20

Kaka kaja bila taarifa, kamkuta Mama kabatini, jasho linamtoka, anakohoa kati ya sentensi na sentensi.

"Unamtesa mama kwa vitu vya mtandaoni," akaniambia. "Jana chungu cha maua, leo sauti ya mama. Kwako yote ni mchezo."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yeye kazi yake ni kuwaeleza watu kwamba hasara yao haimo kwenye mkataba, na sasa anatufanyia na sisi. Akachukua mwavuli akaondoka bila kuaga. Hapo ndipo Mama akasema kutoka kabatini, "Kelele imezidi. Rudieni." Saa ile sikucheka. Nimecheka sasa hivi ninapoandika, na nimeona aibu pia.

Machi 24

Mia mbili sitini. Sauti inakwaruza kuanzia asubuhi.

Machi 27

Mia tatu. Nimetuma. Mama kalala mchana kutwa.

Machi 30

Sauti ya majaribio imefika. Nilimpigia Kaka nikamwomba aje, na alikuja, na la siku ile hakuna aliyeligusa. Tukakaa mezani watatu. Nikaandika: Karibuni, kaeni. Nikabonyeza.

Ikatoka sauti safi, laini, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Kila herufi mahali pake.

"Huyu ni nani?" Kaka akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kweli, na mimi nilikuwa naona hivyohivyo ila nimeshindwa kutamka. Nikaandika nyingine: Haya, njooni mle. Ikasema kama inatuunganisha na mkurugenzi.

Mama alikuwa amejishika shavu. "Huyo ni mimi wa kazini," akasema. "Namjua sana. Alikuwa anakaa ofisini. Nyumbani hakuwahi kuja."

Miaka thelathini na mmoja mama huyu kila akiona kipaza sauti mgongo unanyooka na ulimi unavaa tai. Wiki mbili na ushei nimekaa nje ya kabati nikisikiliza na sikugundua, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Tumechoma sauti iliyobaki kumrekodi mtu tusiyemtaka, na siku zilizobaki ni kumi na tano. Nilikwenda kibandani nikalia nyuma ya pazia. Kisha nikabadilisha vioo viwili, maana wateja walikuwa wanasubiri.

Machi 31

Nimekumbuka kile walichosema kuhusu kuleta sentensi zetu. Nimewaandikia, wamejibu: mia moja hamsini za kwetu zitatosha. Turekodi kwanza, kisha tuandike kilichosemwa. Mama kaniuliza, "Niseme nini sasa?" Nikamwambia aseme anachosema siku zote. Akasema hajui anasema nini siku zote, nani anajisikiliza.

Aprili 1

Nimemfuata Mama kutwa na daftari hili, naandika kila kitu alichosema. Nilikuwa na langu moyoni. Nilitegemea kuandika Funga mlango, Weka chini hiyo simu, Hivi wewe utakua lini. Nimeishi na mama huyu miaka thelathini na minane nikiamini kazi yake ni kunikosoa.

Hesabu ni hii. Funga mlango, mara mbili. Utakua lini, mara moja, na nilikuwa nimemwaga chai. Vaa kitu kizito, mara nne. Kaka yako kapiga, mara tatu, na alikuwa hajapiga, Mama alikuwa anauliza. Njoo ukae, mara tano, na mara zote tano nilikuwa nimesimama mlangoni nachungulia simu. Umekula, mara kumi na moja.

Nimeirudia hesabu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Nimemkosea yeye, tena miaka.

Aprili 3

Mama kaingia kabatini na sentensi zake mwenyewe, kaona kitone chekundu cha kurekodi, kanyoosha mgongo, kasema, "Wewe, umekula," kama anatangaza msiba wa kitaifa. Nikaificha simu kwenye kikapu cha nguo.

"Naiona," akasema, kwa sauti ya ofisini.

Hapo Redio akaingia bila hodi, kama kawaida yake, kuuliza kama ni kweli Mama siku hizi anaishi kabatini, maana ndivyo inavyosemwa.

"Inasemwa na nani? Si na wewe?"

"Mimi nimesema unashinda humo tu. La kuishi wameongeza wenyewe."

"Jirani, mdomo wako hauna breki. Siku ukifa itabidi uzikwe wewe kwanza, mdomo tuuzike wiki ijayo ukishachoka."

Hiyo ndiyo sauti yake yenyewe. Imekwaruza, imechoka, lakini ni ya nyumbani, na meno yake yote. Nikafunua kikapu. Alama ya kijani, sentensi zimepita.

Aprili 4

Nimemwomba Redio rasmi. Akae mlangoni pa kabati, amchokoze Mama, halafu anyamaze kabisa mpaka Mama amalize. La kuchokoza alikubali kabla sijamaliza kusema. La kunyamaza aliomba akafikirie.

Aprili 5

Redio kaja amejiandaa, kaandika kabisa mambo ya kumchokoza Mama, mengine ya mwaka ule kuku wetu walipoingia shambani kwake. Tatizo likawa lilelile tulilolijua. Mama akimjibu, Redio anamjibu juu yake, na simu inaandika: Kelele imezidi. Rudia. Mara saba. Mwishowe akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake, machozi yanamtoka kwa yale anayoyameza. Tukapata ishirini na mbili.

Nilipomsindikiza getini akasimama. "Usimwambie," akasema, "lakini mimi mama yako akinyamaza sijui nitagombana na nani. Hawa wengine wananiogopa." Nilikuwa nikimwona ni mtu wa kelele tu, basi. Nikamshika mkono.

Aprili 7

Hamsini na tisa. Mvua.

Aprili 8

Siku ya tatu mvua haikatiki. Kabati halitoshi tena, kwa sababu sauti ya Mama sasa iko chini kuliko bati. Sentensi moja tunairudia mara kumi na kila kurudia kunakula kilichobaki. Themanini na nne, na siku zilizobaki ni sita. Kaka kapiga, nikamweleza ukweli bila kuupaka sukari. Kauliza chumba cha Mama kina upana gani. Nikajua ni mambo ya bima, nikakasirika kimoyomoyo.

Aprili 9

Naomba niandike taratibu nisisahau kitu.

Saa tatu asubuhi gari dogo la mizigo limesimama nje, na juu yake magodoro sita ya zamani na turubai. Kaka akashuka. Hana tai. Akaegesha ngazi ukutani, akapanda juu ya bati kwenye mvua, na godoro begani. Redio alikuwa chini anamwelekeza, kushoto, kulia, hapo ni jikoni, wewe mtoto hujui hata kwenu palivyokaa. Magodoro akayapanga yote juu ya chumba cha Mama, turubai juu yake, mawe kwenye pembe.

Tulipoingia ndani tulisimama tu. Mvua ilikuwa inaonekana dirishani na haisikiki. Mama akatazama dari.

"Nani yuko juu?"

"Kaka."

"Na viatu vile?"

"Vilevile, Mama."

Sentensi thelathini na moja, nyingi zikiwa za kumwambia Kaka ashuke kabla hajavunjika shingo. Alipoingia, matope mpaka magotini, nikataka kumwomba radhi ya siku ile. Akasema, "Acha hayo. Nilikuwa naogopa." Nikamwambia hata mimi.

Aprili 11

Mia moja thelathini na tisa. Kila sentensi, kisha mapumziko ya robo saa na maji ya vuguvugu.

Aprili 12

Mia moja arobaini na tisa, na Mama hana tena zaidi ya mnong'ono. Nilimwambia atulie, moja haitatuangusha. Akatikisa kichwa, akamwashiria Redio aseme kitu. Redio, sijui alilitoa wapi, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kuku wale, kwa kweli, hawakuwahi kuingia shambani. Kasingizia miaka kumi na tisa.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa kabati, kicheko chake kile cha kutoka tumboni ambacho nilidhani kimeshakwenda. Simu ikafikiri sana, ikaandika: Maneno hayajatambuliwa. Mashine haichukui vicheko. Nimekihifadhi mahali pengine, peke yake, na nakala tatu.

Kisha akavuta pumzi akamwambia Redio, "Ndiyo maana sikukulipa hata yai." Alama ya kijani. Mia moja hamsini.

Aprili 14

Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Katoka saa kumi. Yu hai. Siwezi kuandika zaidi.

Aprili 17

Mama anaandika kwenye kibao kidogo cheupe kwa kalamu ya kufutika. Namsomea vioja, yeye anatoa hukumu. Saa ya ukutani inayoonyesha wakati ukiipigia makofi tu: "Na mwenye mkono mmoja?" Kidubwasha kinachosukumasukuma kipanya cha kompyuta ili bosi aone upo kazini: "Usimwambie kaka yako." Kaka alikuwa pale, akauliza kinapatikana wapi. Daktari anaridhika na kidonda.

Aprili 24

Sauti imefika. Nimeisikiliza peke yangu kibandani, nimefunga mlango. Niliandika maneno mawili tu, Funga mlango, na nilipoyasikia nikageuka kuangalia mlango. Ni yeye. Na mkwaruzo umo.

Nikakimbia nayo hospitali. Mama akaweka kiganja juu ya simu kabla sijabonyeza. Akaandika: "Nikimsikia nitalia, na nikilia tundu linauma." Kisha akafuta, akaandika: "Bado."

Mei 2

Tumerudi nyumbani. Ile sauti nimeiweka kwenye simu yake, iko mezani, haiguswi. Nimemuuliza asubuhi, mchana na baada ya chai. Mara ya tatu akaandika kwa herufi kubwa: "KELELE IMEZIDI." Kaka kasema nimwache, mgonjwa haharakishwi. Namwacha. Inaniuma lakini namwacha.

Mei 6

Manyunyu tu. Kaka kashusha magodoro. Mawili yameota nyasi.

Mei 11

Redio kaja kugombana, kama ilivyo haki yake. Mama akaandika jibu, Redio akasogeza kibao mbali, akakisogeza karibu. Miwani kaisahau kwake.

"Nisomee," akaniambia.

Nikasoma: "Habari zako zina miguu minne, ndiyo maana zinafika kila mahali zikiwa zimechoka." Nilisoma vizuri, hakuna aliyecheka. Maneno yalikuwa ya Mama, mdomo wangu ukayaharibu. Redio alitabasamu kwa adabu, na Redio hajawahi kuwa na adabu na Mama. Mama aliliona hilo. Akaitazama simu pale mezani, kwa muda, halafu akaenda kulala.

Mei 14

Kifaa changu cha kusikilizia simu sikioni kimepotea kwenye mtoto wa meza. Sijauliza.

Mei 17

Jua tangu asubuhi. Nilikuwa kibandani, simu ya mteja nimeifungua, skrubu nimezipanga kwenye kifuniko, mwenyewe amesimama ananiharakisha. Simu yangu ikaita. Kwenye kioo: Mama.

Jina hilo halijaita tangu Aprili kumi na tatu. Nilijua ni Redio, kachukua simu ya Mama ili anipe habari mbaya. Nikapokea, nikasema haloo. Hakuna jibu. Nikasikia pumzi, ile yake mpya ya shingoni, na kidole kinachogonga kioo taratibu.

Kisha Mama akasema, "Usikate. Naandika."

Ilikuwa sauti yake yote, pamoja na ile dharau kidogo anayokuwa nayo akikuomba kitu. Nikasema sikati. Sijui kama ilitoka, nikairudia.

"Fundi, vipi?" mteja akasema. Nikamwashiria asubiri.

Mama anaandika kwa kidole kimoja, na akikosea herufi anarudi kuisahihisha, kwa hiyo nilingoja.

"Nimekaa nje. Jua ni kali."

"Unaumwa, Mama?"

Kidole kikagonga. "Siumwi."

"Kuna kitu unataka nikuletee?"

Safari hii ikachukua muda mrefu zaidi. Miezi miwili na nusu hakuna neno la mama huyu ambalo halikuhesabiwa. Nilihesabu mimi, ikahesabu mashine, na yeye mwenyewe, kabla hajafungua kinywa, alikuwa anapima kama linastahili.

"Hapana," akasema. "Sina neno. Nimepiga tu."

Nikavuta kigoda nikakaa. Nikamwambia mteja akatembee kidogo kisha arudi, maana hapa nina maongezi na mama yangu.